Mkono wa Tatu: Taarifa za Mwanafunzi wa Masafa na Wajibu Wetu wa Kuzitunza



Katika makala hii tunapenda kueleza jambo ambalo wengi katika vigango vyetu wanalifanya mara kwa mara bila kulifikiria sana: kumkabidhi mtu mwingine taarifa zao binafsi ili awasaidie kusoma. Hapa Mogitu, na katika vijiji vingine vya Hanang na Mbulu, wako walimu, wauguzi, watendaji na makatekista wanaopenda kujiendeleza bila kuacha shamba, familia wala kazi. Kwao chuo cha masafa ni baraka kubwa. Kitabu kimo ndani ya simu, mhadhara unasikilizwa usiku watoto wakishalala, na safari ya Babati au Dar es Salaam hufanywa pale tu inapobidi.

Lakini chuo cha namna hiyo kinamjua mwanafunzi kwa maandishi tu. Kwa hiyo tunajiuliza maswali matatu. Chuo kinazilindaje taarifa hizo? Ulinzi wake unaishia wapi? Na sisi waseminari na waamini wa parokia, ambao mara nyingi tunaombwa msaada na wanafunzi hao, tunabeba wajibu gani?

Chuo kisichouona uso wako

Kusoma kwa masafa hakukuanza na intaneti. Mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa njia ya posta. Wanafunzi walimtumia mazoezi, naye akayarudisha yakiwa yamesahihishwa. Hapa Afrika, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kiligeuka kuwa chuo cha masafa mwaka 1946, na ni kwa chuo hicho Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Barua za wafungwa wa Robben Island zilipitia kwanza mikononi mwa askari wa magereza, nao walizisoma. Mfano huo unatuonyesha kwamba tangu mwanzo, anayesoma kwa mbali humtegemea yule aliye katikati ya njia.

Nchini kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, na kina vituo mikoani. Miaka ile ya mwanzo vitabu vilisafirishwa kwa mabasi na posta. Leo sehemu kubwa ya masomo inapatikana mtandaoni kwa kutumia Moodle, programu ambayo vyuo vingi duniani huitumia kuweka masomo, kupokea kazi na kutoa maksi.

Tulinganishe na maisha ya seminarini. Gombera anatujua kwa uso, kwa sauti na hata kwa mwendo. Mtu mwingine hawezi kukaa kwenye kiti cha mwenzetu darasani na walimu wasigundue. Katika chuo cha masafa hali ni tofauti. Aliyeandika jina sahihi, namba ya usajili sahihi na nywila sahihi, yaani neno la siri, mfumo unampokea na kumwita kwa jina hilo. Taarifa zako ndizo uso wako mbele ya chuo. Anayezichukua anaweza kuvaa uso wako, akajibu kwa niaba yako, akafuta kazi zako, au akaomba kitu kwa jina lako.

Katika falsafa tunafundishwa kutofautisha ishara na kile kinachoashiriwa. Namba ya usajili si mtu. Mtu ana utu ambao hauwezi kuandikwa wote katika fomu yoyote. Hata hivyo, ishara ikichezewa, anayeumia ni mtu mwenyewe. Mwalimu aliyesoma miaka minne kwa kujinyima hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba kilichofutwa ni maandishi tu.

Taarifa zipi hasa?

Watu wengi wakisikia "taarifa binafsi" hufikiria jina na namba ya simu. Chuo huwa na zaidi ya hayo. Kina tarehe ya kuzaliwa, picha, namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya mtihani wa kidato cha nne, nakala za vyeti, anwani, barua pepe, kumbukumbu za malipo ya ada na matokeo ya kila somo. Mwanafunzi anapoomba kuahirisha mtihani kwa sababu ya ugonjwa au msiba, chuo hupokea pia barua ya daktari au maelezo ya familia. Na kila anapoingia kwenye mfumo, mashine huandika saa aliyoingia na kifaa alichotumia.

Taarifa hizi hazina uzito sawa. Jina lako linajulikana kijiji kizima. Namba yako ya mtihani imeandikwa kwenye cheti ulichowaonyesha waajiri na makarani wengi, kwa hiyo si siri na haifai kabisa kuwa nywila. Barua ya daktari ni jambo jingine. Ikisomwa na asiyehusika, yaliyosomwa hayawezi kusahaulishwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa katika maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Kwa miaka mingi haki hiyo haikuwa na sheria mahsusi ya kuieleza kwa kina. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024.

Misingi ya sheria hiyo inaeleweka hata kwa asiye mwanasheria. Anayekusanya taarifa za mtu azikusanye kwa njia halali na ya wazi. Aseme anazikusanya kwa ajili gani, na asizitumie kwa jambo jingine. Achukue zile tu zinazohitajika. Ahakikishe ni sahihi. Asikae nazo kuliko muda unaohitajika. Azilinde zisipotee, zisiharibiwe wala zisifikiwe na wasiohusika. Asizipeleke nje ya nchi kinyume cha utaratibu.

Baadhi ya taarifa sheria inaziita nyeti na kuzipa ulinzi wa ziada. Miongoni mwake ni taarifa za afya, za imani ya dini, za alama za vidole, za miamala ya fedha na zile zinazohusu watoto. Tena sheria inataka wanaokusanya na kuchakata taarifa wajisajili kwenye Tume na wawe na afisa anayesimamia jambo hilo.

Mwanafunzi naye amepewa haki. Anaweza kukiuliza chuo kina taarifa gani zake. Anaweza kudai makosa yasahihishwe. Anaweza kupinga matumizi yanayomletea madhara. Anaweza kulalamika mbele ya Tume na kudai fidia. Iko pia haki moja inayotugusa sisi wanafunzi wa falsafa: haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Sheria inakubali kwamba anayehukumiwa ni mtu, na mtu anastahili kusikilizwa na mtu.

Wenzetu wa Kenya walitunga sheria ya namna hii mwaka 2019. Mwaka 2023 mamlaka yao iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Watoto hawakuwa wamepigwa wala kutukanwa. Kosa lilikuwa kwamba sura zao zilitumika kana kwamba ni mali ya shule.

Jinsi chuo kinavyojenga kuta zake

Sasa tueleze ulinzi wenyewe unavyofanya kazi. Chuo cha masafa kinachofanya kazi kwa uangalifu hakitegemei ukuta mmoja.

Ukuta wa kwanza ni wa njiani. Unapoandika nywila hapa Mogitu, maneno yako husafiri kwa mawimbi hadi mnara wa simu, kisha kwa nyaya na mitambo mingi hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi mfumo wa chuo. Kama yangesafiri wazi, yeyote aliye katikati angeyasoma, kama barua zile za wafungwa. Kwa hiyo kivinjari na seva hukubaliana kwanza juu ya fumbo, na kila kitu hutumwa kikiwa kimefumbwa. Alama yake ni herufi "https" mwanzoni mwa anwani. Lakini alama hiyo husema jambo moja tu: njia ni salama. Haisemi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kuwa na tovuti yenye alama hiyo.

Ukuta wa pili unahusu nywila. Mfumo mzuri hauhifadhi nywila yako kama ulivyoiandika. Huisaga. Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga: mahindi yakishakuwa unga, hakuna fundi awezaye kuurudisha unga kuwa gunzi. Lakini tofauti na mashine ya kijijini, usagaji huu hutoa unga uleule kila mara kwa nywila ileile. Chuo hutunza unga tu. Unapoingia, mfumo husaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Ndiyo maana ukisahau nywila chuo hakiwezi kukutajia ile ya zamani. Kitakupa tu nafasi ya kuweka mpya. Mtu yeyote anayekupigia akisema "mimi ni wa chuo, nitajie nywila yako" amejifichua mwenyewe, kwa kuwa chuo hakiihitaji.

Ukuta wa tatu ni hatua ya pili ya utambulisho. Baada ya nywila, mfumo hutuma tarakimu chache kwenye simu yako, zinazotumika mara moja na kwisha. Hapo mwizi mwenye nywila bado anahitaji simu yako mkononi. Kwa hiyo namba hizo hazipaswi kusomewa mtu, hata akiwa na sauti ya upole kiasi gani.

Ukuta wa nne ni kumpa kila mtumishi chumba chake. Mhadhiri anaona kazi za somo lake, si madeni ya ada. Mhasibu anaona ada, si barua ya daktari. Pamoja na hilo mfumo huwa na daftari lake la ulinzi: kila anayefungua jalada huandikwa, saa na jina. Daftari hilo halimzuii mtumishi mwenye nia mbaya kutamani, ila humjulisha kwamba ataonekana.

Ukuta wa tano ni ule wa kale kuliko yote, yaani uso. Mitihani inayosimamiwa ana kwa ana kituoni, msimamizi akilinganisha kitambulisho na sura, hufunga pengo ambalo nywila haiwezi kulifunga. Teknolojia haijaondoa haja ya mtu kumtazama mtu.

Kupotea nako ni madhara

Tukizungumzia usalama huwa tunafikiria wizi. Lakini taarifa zinaweza kudhurika kwa kupotea tu. Chuo cha Lincoln, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1865. Kilipita katika vita mbili za dunia na mdororo mkubwa wa uchumi. Desemba 2021, kikiwa tayari kimedhoofishwa na janga la Uviko, wadukuzi waliingia kwenye mifumo yake na kuifunga. Chuo kilishindwa kufikia taarifa zake za udahili na mapato kwa miezi, na Mei 2022 kilifunga milango yake moja kwa moja.

Sisi wa Hanang hatuhitaji kwenda mbali kuelewa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na nyumba zilifukiwa pamoja na kila kilichokuwamo. Hatuwezi kulinganisha karatasi na uhai wa watu. Ila aliyeokoka anahitaji kuanza tena, na katika kuanza tena ataulizwa kitambulisho na cheti.

Kwa sababu hiyo chuo makini hutunza nakala rudufu za kumbukumbu zake mahali zaidi ya pamoja, mbali na jengo lenyewe, na hujaribu mara kwa mara kama nakala hizo zinafunguka. Mwanafunzi naye afanye vivyo hivyo kwa kadiri yake: nakala za vyeti kwa ndugu anayeaminika katika mji mwingine, na kazi zake za masomo zisikae kwenye simu moja tu.

Pale ukuta wa chuo unapoishia

Hadi hapa tumeeleza kana kwamba mwanafunzi amekaa peke yake na kompyuta yake. Hali ya vijijini kwetu haiko hivyo. Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuomba nafasi chuoni. Simu yake ni ya kitochi. Siku ya mnada anakwenda mjini, kwenye duka la steshenari. Kijana wa dukani anachukua vyeti, anavipiga skani, anamfungulia barua pepe, anabuni nywila, anajaza fomu na kutuma. Mwalimu analipa na kurudi nyumbani akiwa na kikaratasi mfukoni, au bila hicho kikaratasi. Nakala za vyeti vyake zimebaki kwenye kompyuta ambayo watu wengi wanaitumia. Barua pepe iliyo kwa jina lake iko mikononi mwa kijana yule.

Miezi sita baadaye kijana anahamia Arusha. Mwalimu anatakiwa kujisajili kwa mtihani. Nywila hana. Chuo kinatuma maelekezo ya kuweka nywila mpya kwenye barua pepe ambayo hawezi kuifungua. Hapo kuta zote tano zinafanya kazi vizuri kabisa, nazo zimemzuia mwenye mali. Mbele ya mfumo, kijana wa steshenari ndiye mwalimu, na mwalimu ni mgeni.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu wenye maduka. Wanawasaidia watu ambao mfumo umewasahau, na wengi wao ni waaminifu. Wala hatumlaumu mwalimu. Kutunza siri kunahitaji vitu: simu yenye uwezo, bando, mahali pa faragha, na mtu wa kukufundisha. Maskini huuza faragha yake kwa sababu hana kingine cha kulipia huduma. Lakini ni lazima tuseme ukweli kwamba ulinzi wa chuo unaishia pale unapoanza mkono wa tatu, yaani mkono wa yule anayesimama kati ya mwanafunzi na chuo.

Na mkono huo mara nyingi ni wetu. Mseminari akirudi likizo, huonekana ni msomi wa kijiji. Mama anamletea simu: "Mwanangu, nitazamie matokeo ya dada yako." Katekista anamletea vyeti: "Frateri, nisaidie kujaza hii." Kwa muda wa nusu saa tunashika mikononi jina la mtu, umri wake, alama alizopata, kiasi anachodaiwa, na pengine ugonjwa wake. Swali ni tunafanya nini na yale tuliyoyaona.

Matapeli na saini ya Mtume Paulo

Wapo wanaoingia katikati bila kuombwa. Hutuma ujumbe kwamba udahili wako umekubaliwa, ulipe haraka kwenye namba fulani ya simu. Au hutuma kiungo cha tovuti inayofanana na ya chuo, wakutaka uandike nywila.

Udanganyifu huu si mpya. Katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, Mtume Paulo anawaonya waamini wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kutoka kwake. Kisha mwishoni anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe na kuwaambia kwamba hiyo ndiyo alama katika kila barua. Paulo alikuwa mwalimu wa masafa. Alijua kwamba asiyeonekana uso anaweza kuigizwa, akawapa wasomaji wake njia ya kuhakiki.

Alama za kuhakiki tunazo hata leo. Anwani za vyuo vya Tanzania huishia na ".ac.tz", isome hadi mwisho kabla ya kuandika chochote. Ada za chuo cha umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali, si kwa kumtumia mtu kwenye simu yake. Ukipata ujumbe wa kitapeli, itume namba ya tapeli kwenda 15040. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Na ifahamike kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa na kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni makosa ya jinai.

Kanisa na jina jema la mtu

Mkristo asidhani kwamba haya ni mambo ya kompyuta tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 220, inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu na kuvunja haki yake ya faragha. Kanuni ya 487 inaagiza hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo uwe kwa Askofu na Kansela tu. Kanuni hiyohiyo inampa mhusika haki ya kupata nakala ya hati zinazohusu hali yake. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu visiangukie mikono isiyostahili. Tukilinganisha, tunaona mambo yaleyale: ufunguo kwa wachache, usahihi wa kumbukumbu, na haki ya mhusika kujua kilichoandikwa juu yake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilinganisha kumvunjia mtu jina kwa siri na wizi, akafundisha kwamba jina jema lina thamani kuliko mali. Kwa hiyo anayesimulia kijiweni kwamba mwalimu fulani amefeli somo, baada ya kumsaidia kutazama matokeo, hajavunja mtambo wowote. Amechukua kitu ambacho hakiwezi kurudishwa kwa kubadilisha nywila.

Tutofautishe vizuri hapa. Siri ya kitubio ni takatifu na haina mfano wake. Nywila ya chuo haiwezi kuwekwa pamoja nayo. Lakini tabia ya kutunza mambo ya watu haizaliwi siku ya upadrisho. Inajengwa kidogo kidogo, katika mambo madogo, na anayezoea kuchungulia simu ya jirani leo hajifunzi kunyamaza kesho.

Tufanye nini

Kwa mwanafunzi wa masafa:

1. Nywila iandikwe na mkono wako mwenyewe, hata kama mwingine amekushikia simu. Iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka.
2. Barua pepe iwe yako, ikiwa na namba yako ya simu ya kuirudishia. Huo ndio ufunguo wa funguo zote.
3. Ukitumia kompyuta ya dukani, toka kwenye mfumo kabla ya kuondoka, na uombe nakala za vyeti vyako zifutwe mbele yako.
4. Ukihisi mtu ameingia, badilisha nywila na utoe taarifa kituoni mapema, kabla ya wiki ya mtihani.

Kwa anayesaidia, awe mwenye duka, ndugu au frateri:

1. Geuza uso mtu anapoandika nywila yake. Ni heshima ndogo inayoeleweka na kila mtu.
2. Usitunze vyeti vya mtu kwenye simu yako kazi ikishaisha.
3. Usiingie tena bila kuitwa, hata kwa nia njema.
4. Uliyoyaona yabaki pale ulipoyaona.

Kwa parokia tunatoa pendekezo moja. Parokia yenye kompyuta na umeme inaweza kutenga saa chache kwa wiki, kwa mfano Jumamosi baada ya mafundisho, ili wanafunzi wa masafa waje wajaze fomu zao kwa mikono yao, wakisaidiwa na mtu mmoja aliyechaguliwa na halmashauri ya walei na anayejua wajibu huu. Gharama yake si kubwa. Faida yake ni kwamba mwalimu wetu ataondoka akiwa na ufunguo wake mwenyewe mfukoni.

Vijana wenzetu tunaokwenda likizo mwezi ujao, tuyatazame haya kabla ya kupanda basi. Tutaombwa msaada, na tusikatae. Tukae pembeni ya mama, tumwachie kitufe abonyeze yeye, hata kama itachukua saa nzima badala ya dakika kumi.